Shali ya matamvua ya Wayahudi: ina vifundo 613 kweli? Na mwanamke akiigusa inakuwaje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha maana lilikuwa refu. Mchungaji wao katoka hija Israeli na shali nyeupe ya mistari ya bluu, pembeni ina matamvua, anasema ina vifundo 613 kama zilivyo amri za Musa, wagonjwa anawafunika nayo, wanawake wamekatazwa kuigusa, na ndogo ndogo zinauzwa palepale kanisani na yeye dada ameshanunua moja. Anauliza kama Wayahudi wenyewe ndo wanavyofanya, sheria yao inasemaje, na wale wanaume anaowaona kwenye video nyuzi zinaning'inia juu ya suruali ni kitu hichohicho au kingine.

Dada yangu, salama. Naanza na vifundo kwa sababu hiyo huhitaji mtaalamu, ichukue hiyo shali yako sasa hivi uhesabu. Kama imefungwa ilivyo kawaida utakuta kila pembe ina vifundo vitano, pembe ziko nne, jumla ishirini, basi. Hiyo 613 wameipata kwa hesabu ya herufi. Herufi za Kiebrania kila moja ina thamani yake ya namba, sasa hayo matamvua wenyewe wanayaita tsitsiti, ukijumlisha herufi za hilo jina unapata 600, ongeza nyuzi 8 zinazoning'inia kila pembe, ongeza vifundo 5, imefika 613. Aliyeisambaza sana hesabu hii ni Rashi, mfafanuzi mkubwa wa Torati aliyeishi Troyes kule Ufaransa, alifariki 1105. Ila usidhani wote waliikubali tu, Nahmanide wa Hispania karne ya 13 aliikatalia wazi, akasema kwanza ndani ya Torati jina hilo limeandikwa limepungua herufi moja kwaiyo 600 yenyewe haifiki, na yeye akaona ukumbusho uko kwenye uzi wa bluu. So mchungaji wako kuna kitu alikisikia, ila amekisikia nusu.

Amri yenyewe iko Hesabu 15 kuanzia aya ya 37 mpaka 41, isome, na imerudiwa kwa kifupi Kumbukumbu la Torati 22:12. Inasema wana wa Israeli wajifanyie vishada kwenye pembe za nguo zao, waweke na uzi wa samawi, na sababu imeandikwa palepale: wayaone, wakumbuke amri za Mungu, wasifuate moyo na macho yao. Hakuna uponyaji hapo, hakuna ulinzi, hakuna mafuta. Ni kitu cha kuangalia. Hili naomba ulishike kwa sababu karibu kila kanuni ya hii nguo nitakayokueleza chini marabi, yaani walimu wao wa sheria, wameichomoa kwenye hayo maneno mawili, pembe na kuona.

Tuanze na pembe, maana hapa ndo watu wengi wanashangaa. Nguo yenyewe haina utakatifu wowote. Inaitwa taliti, ni kitambaa tu, mistari ya bluu sio sheria, Waashkenazi wengi, Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wanavaa ya mistari myeusi, Wasefardi wengi, wale wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu, wanapenda nyeupe tupu, na hii ya bluu imepata umaarufu zaidi kwa sababu inafanana na bendera ya Israeli, ingawa kihistoria ni bendera iliyoiga shali, wazo lililopelekwa na David Wolffsohn kwenye mkutano wa Basel 1897 wa Wayahudi waliokuwa wanadai nchi yao. Ule utepe uliodariziwa maandishi unaokaa shingoni nao ni urembo tu. Kinachofanya kazi ni nyuzi. Na sheria haikulazimishi uwe na nguo ya namna hiyo! Inasema ukivaa nguo ya pembe nne ndo uweke matamvua, kama huna nguo ya pembe nne huna deni lolote. Shati halina, suruali haina, kanzu imeshonwa pembeni haiingii. Nguo ikiwa wazi pembeni zaidi ya nusu ndo pembe zake zinahesabika.

Sasa watu wa vitabu wakakaa wakaanza kubishana, mi hapa ndo napapenda kuliko kote. Ponchi, lile vazi la Amerika Kusini kama blanketi lenye tundu la kichwa? Ina pembe nne, inataka matamvua. Skafu ya shingoni haitaki, maana haivaliwi kufunika mwili. Blanketi? Ina pembe nne na mtu anajifunika, ila ni ya kulalia, wengi wakaisamehe, lakini wapo walioshauri ukate pembe moja uifanye ya mviringo ili mjadala uishe. Na hiyo ndo njia yao ya kawaida, ukiizungushia pembe moja isiwe na ncha basi nguo imebaki na pembe tatu na imetoka kwenye amri, ndo maana makoti marefu meusi ya Wahasidi, kundi la Wayahudi washika dini sana, yale yenye mpasuo nyuma, utakuta kona moja imekatwa duara na sio kwamba fundi alikosea. Kwa hesabu hiyohiyo Myahudi akijifunga shuka la Kimasai begani mchana kweupe inabidi aulize rabi wake, maana lina pembe nne kamili na linafunika mwili.

Basi ukisikia hivo unaweza kusema ah, kumbe rahisi, mtu anaacha tu kuvaa nguo za pembe nne anaponyoka. Na kweli zamani nguo za watu zilikuwa vitambaa vya kujitanda, kila mtu alikuwa na pembe, baadaye mitindo ikabadilika watu wakaanza kushona mikono na kola na pembe zikapotea zenyewe. Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mijadala ya marabi wa kale, ina kisa cha rabi mmoja, Rav Ketina, malaika alimkuta na nguo ambayo sheria haikuwa inamlazimisha kuweka matamvua, akamuuliza, wewe kiangazi unavaa hivi na masika unavaa vile, matamvua yako yatakuwa wapi? Rav Ketina akamwambia kwani na nyinyi mnaadhibu mtu kwa amri ya kutenda ambayo hakuitenda? Akajibiwa kwamba wakati wa hasira, ndiyo. Yaani kisheria uko huru lakini kutafuta upenyo ni aibu. Kwaiyo Wayahudi wakafanya kinyume, wakajitengenezea kwa makusudi nguo ya pembe nne ili deni liwaangukie.

Na hapo nimeshajibu swali lako la suruali. Zipo mbili. Taliti kubwa ni ile ya kujifunika wakati wa sala ya asubuhi, hiyo aliyoleta mchungaji. Taliti ndogo ni kama fulana isiyoshonwa ubavuni, ina tundu la kichwa katikati, inavaliwa siku nzima chini ya shati au juu yake, na nyuzi za pembe zake ndo hizo unaziona zinaning'inia kiunoni. Amri ni moja. Kuzitoa nje au kuzificha ndani hapo kuna mgawanyiko, kitabu cha sheria cha Yosef Karo cha karne ya 16, Shulhan Aruhi, kinasema bora ivaliwe juu ya nguo ili ionekane muda wote, na Waashkenazi wengi washika dini wanazitoa, lakini Wasefardi wengi wanaficha wakifuata mafundisho ya siri ya Isaka Luria wa Safed. Wengine wanaficha kwa sababu ya kazi au usalama, hasa Ulaya, na hilo linaeleweka. Watoto wa kiume wanaanzishiwa hii ndogo karibu na miaka mitatu, kwa Wahasidi inaendana na siku ya kunyolewa nywele mara ya kwanza, na ukiwaona hao watoto wanakimbia mitaani nyuzi zinapepea huku na huku unaelewa kwa nini nyuzi zinakatika kila mara na mama zao wananunua paketi paketi.

Ile kubwa sasa ina desturi zake. Waashkenazi wa Ulaya mashariki hawavai mpaka waoe, wamechukua kwenye mpangilio wa aya tu, maana Kumbukumbu 22:12 inazungumzia vishada na aya ya 13 inaanza na mtu akioa mke, basi wakaunganisha. Ukiingia sinagogi lao unajua nani bachela bila kuuliza. Wasefardi na Wayahudi wa asili ya Ujerumani hawana hiyo, kijana anavaa toka udogo. Mara nyingi upande wa bibi harusi ndo unamnunulia bwana harusi taliti yake ya kwanza.

Namna ya kuvaa: asubuhi, amesimama, anasoma baraka ya kumshukuru Mungu aliyewaamuru kujifunika kwa matamvua, anaifunika kichwani mpaka usoni, pembe zote anazirusha bega la kushoto anakaa hivo kidogo, halafu anaishusha mabegani. Talmudi inaita huko kujifunika kwa mtindo wa Waishmaeli, yaani Waarabu wa jangwani wanavyojifunga kitambaa kichwani na usoni wakati wa vumbi. Saa ngapi? Mishna, sehemu ya kale zaidi ya Talmudi, inasema asubuhi ya kusoma Shema, ile sala yao ya Sikia Ee Israeli, inaanza pale mtu anapoweza kutofautisha samawi na nyeupe, na baadhi ya wafafanuzi wanasema ni samawi na nyeupe ya hizihizi nyuzi. Ndugu zetu Waislamu hapo watakumbuka uzi mweupe na uzi mweusi wa alfajiri kwenye Sura ya Pili kuhusu kufunga, mantiki ni ya jamaa moja kabisa, hakuna saa ya ukutani, unatumia macho na nyuzi. Kwenye Shema sehemu ya tatu ndo hiyohiyo Hesabu 15, kwaiyo wanazikusanya nyuzi mkononi, na kila wakifika neno la matamvua wanazibusu. Usiku hakuna amri, kwa sababu amri ni kuona na usiku huoni, isipokuwa usiku wa kuanza Siku ya Upatanisho wanavaa, wanawahi kabla jua halijazama ili baraka isomwe mchana. Na kipofu je? Wamesema kipofu anavaa, maana hata kama yeye haoni wengine wanamwona.

Kwenye utengenezaji ndo kuna ukali. Nyuzi zinasokotwa kwa nia, msokotaji anatamka mwanzoni kwamba nasokota kwa ajili ya amri ya tsitsiti, uzi wa kawaida wa dukani hata uwe mzuri vipi haufai. Tundu linatobolewa karibu na pembe, lisivuke vidole vitatu kutoka ukingoni na lisikaribie sana hata likawa ni kwenye ncha yenyewe. Zinapitishwa nyuzi nne, zikikunjwa zinakuwa nane, mmoja umeachwa mrefu makusudi ndo unaozungushwa. Fundo, mizunguko, fundo, mizunguko, hivo mpaka mafundo matano na sehemu nne za mizunguko katikati. Waashkenazi wanazungusha 7, 8, 11, 13, jumla 39, ambayo kwa hesabu ya herufi ni Mungu ni Mmoja. Wasefardi wengi 10, 5, 6, 5, ambazo ni herufi nne za jina la Mungu moja baada ya nyingine. Mizunguko inachukua theluthi na theluthi mbili zinaning'inia wazi. Na kuna kanuni nyingine naona ni ya ajabu kidogo, kwamba matamvua lazima yafanywe kwenye nguo ambayo tayari ina wajibu, huwezi kuyafunga kwanza kwenye kipande cha pembe tatu halafu ndo ukakate pembe ya nne, kwa sababu amri ni kufanya na sio kujikuta imeshafanyika. Mtu akikosea mpangilio huo anafungua zote anaanza upya hata kama kwa macho hazina tofauti yoyote.

Kitambaa nacho kina siasa zake. Sufi na kitani kuchanganywa kwa kawaida ni marufuku, iko aya moja tu juu ya ile ya vishada, Kumbukumbu 22:11. Karo aliandika kwamba ni nguo za sufi au za kitani tu zenye wajibu wa Torati, nyingine zote ni za marabi, so Wasefardi wanajitahidi kuvaa sufi hata joto likiwaka. Mose Isserles wa Krakow aliyeandikia Waashkenazi akasema kitambaa chochote kina wajibu wa Torati, ndo maana unakuta wengi wao ile ndogo ni ya pamba. Poliesta? Hapo baadhi ya marabi wanakataa kabisa kwamba ina wajibu, wanaiona haiko mbali na karatasi ya nailoni. Hizi shali nyepesi zinazong'aa ambazo mahujaji wanarudi nazo nyingi ni poliesta au hariri bandia, hata Myahudi mshika dini asingeisomea baraka.

Uzi wa samawi. Ukiangalia shali yako utaona nyuzi zote nyeupe, na Hesabu inasema weka samawi, sasa wameipuuza? Hapana, waliipoteza. Rangi hiyo, tekeleti, ilitoka kwa kiumbe wa baharini, Talmudi inamtaja kwa dokezo dokezo tu, mwili wake unafanana na bahari, damu yake ndo rangi, bei yake ghali. Kulikuwa na feki pia, rangi ya mmea wa nili ambayo kwa macho huitofautishi, na Talmudi inasema Mungu atamlipiza anayeweka nili kwenye nguo yake akidai ni tekeleti. Baadaye, karibu karne ya 7 au ya 8, ujuzi ukapotea kabisa na watu wakabaki na nyeupe kwa zaidi ya miaka elfu moja, ambayo sheria inaruhusu, nyeupe peke yake inafaa.

Halafu miaka ya 1880 akaibuka rabi wa Kihasidi wa Radzyn kule Poland, Gershon Henoch Leiner, akaenda mpaka Naples kwenye jumba la viumbe wa bahari akarudi anasema nimempata, ni ngisi mmoja hivi mwenye wino. Wafuasi wake wakavaa bluu na wapo wanaovaa mpaka leo. Shida ikaja na Isaac Herzog, ambaye baadaye alikuwa rabi mkuu wa Israeli, aliyeandika tasnifu ya udaktari kuhusu rangi hizi London mwaka 1913. Akaipeleka rangi ya Radzyn ikapimwe, kumbe bluu ile inatokana na madini ya chuma yaliyowekwa kwenye mchanganyiko, ngisi hana kazi, ungeweka damu ya mnyama yeyote ingetoka ileile. Wengi wakahamia kwa konokono wa bahari ya Mediterania anayeitwa Murex trunculus, ila huyo naye alikuwa anatoa zambarau sio bluu, mpaka miaka ya 1980 mkemia Otto Elsner wa chuo cha Shenkar akagundua kwamba ile rangi ikiwa bado iko kwenye hali ya kuyeyuka ukiianika juani inageuka bluu safi. Jua tu! Mi naona ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye habari nzima, maana wapakaji rangi wa zamani walifanya kazi nje, juani, pwani, hawakuhitaji maabara. Toka miaka ya 1990 nyuzi hizo zinatengenezwa tena Israeli na unaweza kununua, ghali, na hapo ugomvi mpya umeanza wa nyuzi ngapi ziwe za bluu: Maimonides, mwanasheria wao mkubwa wa karne ya 12, nusu ya uzi mmoja, yaani moja kati ya nane, Rabi Abrahamu wa Posquières uzi mzima, mbili kati ya nane, na Rashi na wenzake nyuzi mbili, nne kati ya nane. Marabi wengi wakubwa bado hawajakubali konokono huyu, wanasema mila ikishakatika huifufui kwa kemia. Mi nadhani ushahidi wa konokono ni mzito kuliko wanavyokiri ila sio mimi ninayevaa.

Wanawake. Hapa mchungaji wako kakosea moja kwa moja. Hakuna sheria ya Kiyahudi inayokataza mwanamke kugusa taliti au matamvua, hakuna, sijui imetoka wapi. Shulhan Aruhi inasema mwanamke anafaa hata kuyafunga, Isserles ndo akaongeza kwamba wapo wanaopendelea wafunge wanaume. Kuvaa ni habari tofauti. Kwa kuwa amri ni ya mchana tu imehesabiwa kuwa amri yenye wakati wake, na wanawake wamesamehewa nyingi za aina hiyo. Wamesamehewa, sio wamekatazwa. Talmudi inamtaja Rav Yehuda aliyekuwa anaweka tekeleti kwenye nguo za wanawake wa nyumbani kwake, maana yeye aliona wana wajibu. Maimonides akasema anayetaka avae bila kusoma baraka. Isserles akasema kisheria anaweza ila inaonekana kama majivuno, na huko washika dini wakakaa mpaka leo, mwanamke wa Kiorthodoksi kumkuta na taliti ni nadra sana. Kwenye sinagogi za Kikonsavativu na za Marekebisho, madhehebu yao yasiyokaza kama Waorthodoksi, Marekani hasa, wanawake wanavaa kawaida tu na hakuna anayegeuka. Ugomvi mkubwa umekuwa Yerusalemu, Ukuta wa Magharibi, kundi la Wanawake wa Ukuta linasali pale tangu 1988 na baadhi yao walikamatwa na polisi kwa sababu ya kuvaa taliti, hadi mahakama ya wilaya ilipotoa uamuzi 2013 kwamba hawavunji sheria. Ona basi, hata pale penye ugomvi mkali namna hiyo hoja ni kuvaa hadharani, wala hakuna aliyesema wasiguse.

Kufunikwa je? Hapa nitampa mchungaji haki yake kidogo, kufunika watu kwa taliti kupo. Harusi nyingine wanaishika juu ya maharusi iwe ndo paa lao, na sikukuu ya kumaliza mzunguko wa kusoma Torati watoto wote wa sinagogi wanakusanywa chini ya taliti moja kubwa wanabarikiwa. Makuhani wa ukoo wa Haruni wakibariki watu wanajifunika nyuso na mikono. Ila mgonjwa kuwekewa ili apone, hiyo sio sheria yao wala ibada yao ya kawaida. Najua mtasema mbona yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili aligusa pindo la vazi la Yesu akapona, na wasomi wengi wanakubali pindo hilo ni haya matamvua, Yesu alikuwa Myahudi alivaa kama wenzake. Lakini kwenye simulizi yenyewe Yesu anamwambia imani yako imekuponya, na huyohuyo Yesu kwenye Mathayo 23:5 anawasema wanaoongeza matamvua yao ili watu wawatazame. Soma zote mbili pamoja, nampa na mchungaji kazi hiyohiyo.

Talmudi kama ni miujiza ina kisa chake, na sio cha uponyaji. Mwanamume mmoja, makini sana na amri ya matamvua, alisikia kuna kahaba miji ya mbali ya baharini anayetoza dinari 400 za dhahabu. Akatuma hela, akapangiwa siku, akaenda. Kapanda vitanda sita vya fedha na cha saba cha dhahabu, anavua nguo, matamvua yake manne yakaja yakampiga usoni. Akateleza akakaa chini. Yule mwanamke naye akashuka akakaa chini, akamwambia sikuachi mpaka uniambie umeniona na kasoro gani. Akamwambia sijaona mzuri kama wewe, ila tuna amri moja, na hizi nyuzi zimekuwa kama mashahidi wanne. Mwanamke akagawa mali yake, akabeba yale matandiko, akaenda kwa Rabi Hiyya akaingia dini, wakaoana kihalali kwenye matandiko yaleyale. Nadhani unaona nguvu inayodaiwa hapo ni ipi: kumzuia mvaaji.

Sasa biashara. Hili sidhani kama limewahi kufika kanisani kwenu. Talmudi inakataza Myahudi kumuuzia asiye Myahudi nguo ambayo matamvua yake hayajafunguliwa, na sababu mojawapo waliyotoa ni ya usalama, kwamba atajifanya Myahudi, aongozane na mtu njiani amuue. Karo ameiweka kwenye sheria. Kwaiyo zile zinazouzwa kwa mahujaji, ama aliyeuza hajali, ama matamvua yale kisheria hayahesabiki kwa hiyo hana cha kufungua. Vilevile matamvua yaliyofungwa na asiye Myahudi hayafai kwa amri, na ya kiwanda yasiyo na hati ya rabi hayaaminiwi. Sisemi wewe kama Mkristo ukijitanda shali unatenda dhambi ya Kiyahudi, amri haikuhusu kabisa, hamna deni. Ila ukienda nayo mbele ya Wayahudi ujue wengine watajisikia vibaya, hasa ikiwa imewekwa msalaba au maandishi ya kanisa, na wengine wataona ni heshima. Afrika Mashariki wapo wanaovaa kwa wajibu, Abayudaya wa Mbale kule Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wengi wao waliingizwa rasmi na mahakama ya marabi wa Kikonsavativu 2002 na rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja lake Los Angeles 2008. Kwao hilo ni jambo la Jumamosi asubuhi tu.

Vitu vidogo vidogo halafu naacha. Chooni na taliti kubwa hawaingii, ile ndogo haina shida. Nyuzi zikikatika zikabaki fupi sana haifai, na Sabato kutoka nayo mtaani ikiwa imeharibika inahesabiwa umebeba mzigo. Ukiwa sinagogini ukaona taliti ya mwenzio unaweza kuiazima bila kuomba, mradi uikunje kama ulivyoikuta, maana inadhaniwa mtu hufurahi amri ikitendwa kwa mali yake. Makaburini wanaingiza nyuzi ndani ya nguo ili wasiwakejeli wafu ambao hawawezi tena kutenda amri. Na mwanamume akifa, sehemu nyingi anazikwa na taliti yake, wanakata tamvua la pembe moja kwanza.

Ile uliyokwisha kununua, angalia lebo. Ikiwa imeandikwa poliesta na haina hati yoyote ya rabi basi umenunua shali, vaa wakati wa baridi kama unaipenda, osha tu kwa mkono nyuzi zisisokotane. Kama imetoka kwa Myahudi aliyekuwa anaivaa kweli, hiyo sasa ni nyingine, mrudishie au ukipenda kubaki na kitambaa fungua matamvua, usiyatupe jalalani na mabaki ya chakula, wenyewe huyafanya alama ya kurasa kwenye vitabu vyao vya sala. Hela yako sijui kama utarudishiwa.